Ngozi ya Ndama

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nyasi tena. Leo nimekata kando ya mto Lukuga, maana zile za njia ya reli zimekwisha, imebaki miba. Mzigo kichwani, mundu mkononi, na watu wananisalimia huku wakicheka: fundi cherehani amekuwa mchungaji. Wacheke. Mgongo ni wangu.

Zawadi amezimaliza zote kabla sijanywa chai. Kisha akanitazama. Ng'ombe mwenye mimba hana haya.

Sare za chama chetu cha akina mama zinaningoja. Tunaandamana tarehe 30, sikukuu ya Uhuru. Vitambaa vimejaa mezani na nimekata vichache tu. Hata saa nne haijafika na nimeshachoka.

Jumatano, tarehe 5

Neema, binti yangu, amepiga simu kutoka Nyunzu anakofundisha. Anauliza kwa nini nisimrudishe Zawadi kwa Papa Safari nikapumzika. Anajua kwa nini. Nimemjibu vibaya. Sasa naandika yote hapa ili hasira isipoe.

Papa Safari anachunga ng'ombe wa watu wengi wa mjini, kule vilimani, njia ya kwenda Bendera. Unampa ng'ombe wako, wewe unakaa. Malisho ni yeye, maji ni yeye, kupe, dawa, kuzalisha, yote yeye. Maziwa ni yake, isipokuwa bidoni moja, yaani dumu dogo, anayokushushia kila Jumamosi. Ndama ni wako. Marehemu mume wangu alimweka Zawadi huko tangu siku alipomnunua, na hatukuwahi kukata hata jani moja.

Mwaka jana Zawadi alizaa, ndama akafa. Papa Safari alikuja mwenyewe kuniambia. Nikamwambia, lete ngozi. Ndiyo desturi: ndama akifa, mchungaji anamletea mwenye mali ngozi, watu wasije wakasema amemuuza. Yeye akaomba ngozi ikae kwanza zizini. Eti Zawadi anaihitaji, bila hiyo atakataa kutoa maziwa. Nilicheka mbele yake. Tangu lini maziwa yakatoka kwenye ngozi? Akaileta siku ya pili, amenuna. Nimeitandika juu ya kigoda cha cherehani, na ndiyo ninayoikalia sasa hivi.

Baada ya hapo bidoni haikuja tena. Alisema maziwa yamekauka. Nilisema ameyauza. Mwaka mzima tumesalimiana kwa midomo tu, na mwezi uliopita nikapanda kwenda kumchukua ng'ombe wangu.

Baba Neema aliniachia vitu viwili, cherehani na Zawadi. Cherehani haizai. Ndama wa safari hii nitamwona mimi, kwa macho haya. Hakuna mtu atakayekuja mlangoni kunipa habari.

Ijumaa, tarehe 7

Kupe. Nimewatoa kwa vidole mpaka kucha zinauma. Halafu nimeshona kola ya kwanza, nikaishona ndani nje. Nimeifumua. Nimelala mchana kama mlevi.

Jumapili, tarehe 9

Nimerudi kutoka misa nikakuta kamba imekatika. Zawadi yumo ndani ya bustani ya Mama Feza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anatafuna majani ya muhogo kama yuko harusini.

Mama Feza alisimama mikono kiunoni. "Mama Neema, ngombe yako imekula sombe yangu yote. Sasa batoto bangu bakule nini, kwato?"

Nimeomba msamaha mpaka ulimi umekauka. Nimempelekea samaki wangu wa leo. Mimi nimekula ugali na chumvi. Mama Feza si mtu mbaya, jioni alikuja kukaa nami, akamtazama Zawadi tumbo na kunitania: ng'ombe wa maskini hazai. Nikamwambia huyu atazaa, na atazaa jike.

Jumanne, tarehe 11

Kila jioni analia. Ni ile saa ambayo kule juu ng'ombe wote wanarudi zizini. Anageuza kichwa upande wa vilima na kulia, analia hasa, mtaa mzima unasikia. Nimemwambia mimi pia niko peke yangu na silii hivyo. Hakujali.

Kusema kweli sikujua kwamba ng'ombe mmoja ni kazi kuliko watoto watatu. Mtoto akishiba analala.

Alhamisi, tarehe 13

Mama mmoja wa chama alikuja kupimwa kiuno. Zawadi akaingiza kichwa mlangoni, akaanza kulamba kigoda changu. Akalamba ngozi ile polepole, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Mteja akashika moyo wake. Nikampiga Zawadi puani kwa kipimo cha mbao.

Ni chumvi. Niliipaka chumvi nyingi nilipokuwa naikausha.

Jumamosi, tarehe 15

AMEZAA. Jike!

Mchana, jua kali, Mama Feza na mimi tu. Tulivuta miguu kwa kitambaa cha sare, Mungu anisamehe, chama pia kinisamehe. Akaanguka chini, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akapiga chafya. Nililia na kucheka pamoja. Ningetamani Baba Neema awepo.

Maziwa yaliyotoka kwanza yalikuwa ya manjano, mazito, yanavutika. Mama Feza akasema ni uchafu uliokaa ndani. Mimi pia nilijua hivyo, bibi zetu walikuwa wanayakamua na kuyamwaga kabla ya kumpa mtoto titi. Nimeyakamua yote nikayamwaga chini ya mpapai. Ndama nimempa maji ya sukari kwa chupa. Nimemfunga jikoni, mama yake asije akamkanyaga.

Jumapili, tarehe 16

Sikwenda misa. Nimempigia Neema, nimempigia shemeji, nimempigia hata mtu ambaye sikumbuki ni nani. Ndama nimempa jina: Shahidi. Nimeona mwenyewe, nimevuta mwenyewe, na amelala jikoni kwangu. Papa Safari asikie huko aliko.

Maziwa ya leo meupe kidogo. Amenyonya, si sana.

Jumatatu, tarehe 17

Shahidi anaharisha. Masikio yake ni baridi. Nimempa maji ya mchele. Nimemfunika kwa kanga yangu. Sijashona hata kifungo.

Jumanne, tarehe 18

Amekufa asubuhi, kichwa chake mapajani mwangu.

Nimekaa pale muda mrefu. Mama Feza alikuja, akaona, akakaa chini kando yangu. 

Nimeogopa kwa sababu ya Zawadi. Kiwele kimekuwa kigumu, kinamuuma, na kila nikigusa anapiga teke. Ndoo imepasuka. Nikimpoteza na yeye nimebaki na nini? Nimemtuma mtu wa moto, yule wa pikipiki anayepanda njia ya Bendera amwite Papa Safari. Kumtuma kuliniuma kuliko teke. Ndama nimemfunika kwa gunia nyuma ya jiko, palipo na kivuli. Sina nguvu ya kuchimba shimo.

Jumatano, tarehe 19

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Papa Safari amefika mapema, na fimbo yake na kofia ile ile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yake. Sikumkaribisha hata kiti, nilianza kueleza pale pale nimesimama. Akasikiliza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ile maziwa ya kwanza, ya manjano, mutoto alikunywa?"

"Nilimwaga."

Akavua kofia. "Aa, Mama Neema. Ile njo dawa yake. Ukiimwanga, mutoto anabakia mutupu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimemuua ndama wangu kwa mikono yangu, na nilikuwa nashangilia nikiwa namuua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Halafu akasema, "Leta ngozi."

Damu ilinipanda kichwani. Nilidhani ananilipiza. Maneno yangu mwenyewe ya mwaka jana, ananirudishia mlangoni kwangu, mbele ya Mama Feza. Nikamjibu kwa hasira kwamba bado haijachunwa, ndama yuko nyuma ya jiko, akajionee kama nimemuuza. Akanitazama kama mtu asiyeelewa naongea lugha gani. Akachukua kisu, akaenda nyuma ya jiko.

Alichuna vizuri, kichwa na miguu vikabaki na ngozi. Akaomba nyasi kavu na sindano. Akaanza kuijaza nyasi tumboni, na kushona kwa kamba ya katani. Anashona vibaya sana yule mzee. Mishono kama njia ya mlevi, nyasi zinatoka. Nilivumilia kidogo, kisha nikamnyang'anya. Nikaleta sindano ya magunia na uzi wangu mzuri, uzi wa sare. Nikakaa chini nikashona tumbo, nikashona shingo. Yeye alinishikia miguu isimame.

Alikuwa ameinama karibu yangu aliposema, "Ile ya mwaka jana, nilikuwa nimeishaijaza. Alikuwa anailamba muzuri. Ukasema nilete. Nikatoa nyasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulicheka."

Nikashona. 

Nilipomaliza akanyunyiza chumvi mgongoni mwa kile kitu, akakisimamisha mbele ya Zawadi. Si ndama. Hata mtoto mdogo angeona si ndama. Zawadi akanusa, akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tangu aje kwangu. Akaanza kulamba, polepole, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Papa Safari akachuchumaa, akashika kiwele, na maziwa yakaja. Yakaja mengi. Mimi ndiye niliyeshika ndoo, ile ya Mama Feza. Nililia na sikuificha.

Mwaka mzima nimemwita yule mtu mwizi. Kumbe mimi ndiye niliyeyakausha maziwa yale, nikayakalia kila siku nikishona.

Ijumaa, tarehe 21

Nimekamua mwenyewe, mara mbili jana, mara mbili leo. Kwanza namwekea ndama wa nyasi mbele, anamlamba, ndipo anaachia. Usiku namwingiza yule wa nyasi ndani, mbwa wasimle. Ni kama kulea.

Nyasi za kukata, maji ya kuchota, kupe, mavi, kiwele, sare. Nikitunga uzi nakosa tundu la sindano. Nimeona nitasema ukweli: siwezi. Si kwamba sitaki. Ng'ombe anataka mtu asiye na kazi nyingine, na anataka ng'ombe wenzake. Nilimtoa huko kwa hasira, na hasira haikati nyasi.

Nimemtumia Papa Safari habari aje. Nimetaka kumwomba msamaha kwa simu, lakini kule juu hakuna mtandao. Itabidi nimwambie uso kwa uso.

Jumapili, tarehe 23

Alikuja baada ya misa. Nilimpa chai, nikampa kiti, nikasema, Papa Safari, nilikuita mwizi, nisamehe. Akakoroga chai muda mrefu, kikombe chenyewe hakina sukari. Akasema kiangazi ni kikali, bidoni haitakuwa inajaa, nisije nikasema. Nikasema sitasema. Akaomba chai nyingine. Sijui kama amenisamehe, lakini amekunywa vikombe vitatu.

Kabla ya kuondoka alikagua mishono yangu kwenye ndama wa nyasi, akavuta uzi kwa meno, haukukatika. "Fundi," akasema. Basi.

Akambeba begani, kichwa kikining'inia mgongoni kwake. Zawadi akamfuata bila kamba. Walipita bustani ya Mama Feza, na safari hii Zawadi hakugusa hata jani, wakavuka reli. Hakugeuka kunitazama. Nilitaka ageuke.

Jumanne, tarehe 25

Uani kimya. Jioni ile saa yake ikafika, nikainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Hakuna aliyelia.

Nimeshona mpaka mafuta ya taa yamekwisha.

Jumamosi, tarehe 29

Sare zimekwisha zote. Akina mama wamezichukua wakiimba. Moja ina doa la damu kwenye upindo, lile la siku ya kuzalisha, nililifua halikutoka. Nimeichukua mimi, nitaivaa kesho.

Ile ngozi ya mwaka jana nimeitoa kwenye kigoda. Sikujua niiweke wapi. Nimeikunja nikaiweka sandukuni, pamoja na nguo za Baba Neema.

Mtu wa moto ameshusha bidoni. Haikujaa. Sikumuuliza kitu, nimempa maji akanywa akaenda. Nimechemsha maziwa, nikampelekea Mama Feza kikombe, nikarudi na changu. Nimekaa juu ya mbao tupu za kigoda, nimekunywa.