Damu ya Ziwa Haikuuzwa

Kwa kumkumbuka Dkt. Mercy Jepchirchir Okumu, mtafiti wa maradhi na kinga ya mwili, wa Kimumu, Eldoret

Mwaka umezunguka, Jepchirchir, tangu urudi kutoka Timboroa na vumbi kwa viatu, ukakaa kwa kile kiti cha dirishani, ukasema unafunga macho kidogo tu halafu uoshe vyombo. Moyo ukasimama hapo hapo. Kama ilikuwa ni kutoroka vyombo, mama, ulizidisha.

Tungetaka kukuandikia maneno matamu, yale ya malaika na mapumziko. Tutayaandika mwaka ujao. Mwaka huu tuna hasira, na wewe mwenyewe ulikuwa unasema mtu mwenye homa asifunikwe blanketi, apimwe.

Kwanza tuseme ulikuwa nani. Siku ya mazishi watu waliongea juu ya chapati zako mpaka mgeni angedhani tunazika hoteli. Chapati zako zilikuwa ngumu. Tulizila kwa sababu tulikupenda.

Kazi yako ilikuwa brusela, ile homa inayotoka kwa ng'ombe na maziwa mabichi, inayovunja watu magoti na kuwalowesha jasho, halafu wanaambiwa ni malaria, mara ni taifodi, wanadungwa sindano mpaka wanachoka. Hata kwa harusi hukupumzika. Watu wanaimba, wewe unanong'onezea wapishi, "Haya maziwa mlichemsha?" Shangazi ya bwana yako Isaiah kule kwao upande wa ziwa kuu mpaka leo anakuita Polisi wa Sufuria.

Kila mwaka mvua ikipungua ulienda kwenu, kijiji cha Ziwa, ukatoa damu ya watu wale wale. Si wengine, wale wale. Mama Naomi, mama yako, ndiye alinyoosha mkono wa kwanza, na bado akakuuliza kwa nini unamsumbua kila mwaka kama mbu.

"Mama, mnakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja," ukamwambia. "Huyu magoti yanamlaza kitandani, huyu anacheza harusini. Mwili wa huyu umejifunza nini ambacho mwili wa yule haujajifunza? Nikiweka damu yako ya mwaka huu kando ya ile ya zamani, nitaona."

"Ukiona uniambie haraka. Mimi ndiye wa magoti."

Damu hiyo yote ilikaa kwa friza, ile kubwa ya baridi kali, pale maabara yako. Stima ikipotea mjini, hata kama pasta yuko katikati ya mahubiri, ulikuwa unatoka kanisani mbio kuangalia jenereta. Isaiah alikuwa anasema, "Mwacheni aende, bwana yake wa pili anamwita." Kanisa lilicheka, na yeye alicheka, lakini hakuwahi kukuzuia. Alijua kitu ambacho sisi wengine tulichelewa kujua: damu ya mwaka uliopita mtu hawezi kurudi kuitoa tena.

Sasa sikiza walichofanya.

Wiki moja baada ya kukuzika, ofisi yako ilikufanyia ibada pale pale maabara. Picha yako, maua, wageni wengi kuliko viti. Nekoye, mwenzako wa meza moja, ambaye mlishika naye sindano miaka yote hiyo, aliambiwa atengeneze chai. Ule mtungi mkubwa wa stima haukupata soketi, zingine zilikuwa za spika na za kamera. Mkurugenzi akamwambia, "Si uchomoe hiyo hapo nyuma, ni dakika chache tu." Nekoye akasema hiyo ni ya friza. Mkurugenzi akasema anajua, dakika chache. Nekoye akachomoa. Friza ikaanza kulia ile kengele yake. Hotuba ilikuwa inaanza, mtu akanyoosha mkono akaizima, isisumbue wageni.

Mkurugenzi akasimama akasema, "Kazi ya Daktari haitakufa." Tulipiga makofi. Wakati anasema hivyo, kazi yako ilikuwa nyuma ya mgongo wake, inayeyuka.

Isaiah alikunywa vikombe viwili. Alituambia baadaye kwamba ilikuwa chai nzuri, na hilo ndilo linamkasirisha kushinda yote.

Nekoye alimaliza kugawa vikombe, akaona sweta yako imening'inia kwa mlango, akalia mpaka wakampeleka nyumbani. Akapewa likizo. Hakuna aliyerudisha ile waya. Maabara ikafungwa, kwa sababu mwenye kuingia alikuwa wewe.

Isaiah alienda siku nyingi baadaye kuchukua ile sweta na slipa zako. Harufu ilimpokea kwa mlango. Nekoye alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo hiyo, ameketi chini sakafuni kando ya friza, mlango wake wazi, vichupa vimelala kama vitu vya kuoshwa.

"Baba Apondi, usiingie," akamwambia.

"Stima ilipotea?"

"Haikupotea."

"Sasa?"

Akamwonyesha ukutani. Mtungi wa chai bado ulikuwa kwa soketi.

Isaiah alichukua slipa moja, akasahau nyingine, akatembea mpaka Kimumu kwa miguu.

Lakini hayo bado tungeyameza, Jepchirchir, tukalia chini ya maji kwa bafu kama watu wa adabu. Kilichotushinda kilikuja baadaye. Ofisi ilituma mtu Ziwa akawaambia wafugaji kwamba utafiti umefungwa, asanteni kwa ushirikiano. Basi. Miaka yote hiyo ulikuwa unarudi kuwaeleza umeona nini, na mara ya mwisho uliwaahidi jibu liko karibu. Sasa wewe umekufa, damu haionekani, jibu hakuna. Watu wakajaza hapo palipo wazi.

Asubuhi moja mama yako alipeleka maziwa kituoni kama kawaida. Jirani yake, mtu wa kuombana chumvi naye, akamuuliza mbele ya foleni, "Mama Naomi, gari ya binti yako ilinunuliwa na damu ya nani?"

Gari yenyewe ni ile Probox ambayo mlango wa nyuma unafungwa na kamba. Mama alipima maziwa yake akarudi nyumbani. Kutoka siku hiyo alikuwa anafika kituoni, salamu zinaisha. Aliyemzaa daktari akawa mama ya mwizi wa damu, kwao, mahali anapokwenda kanisani na mahali atakapozikwa.

Ndipo mkurugenzi akaja kwetu Kimumu. Jina lake hatuliandiki, nafasi hii ya gazeti ni yako. Alibeba sukari na unga, akaketi, akasema ofisi imeamua kubandika jina lako kwa mlango wa chumba cha mikutano, kwa shaba, na siku ya mwaka mmoja waje waandishi.

"Lakini ile mambo ya friza," akasema, "tuseme ni stima. Kila mtu anajua stima ya hapa."

Tukuambie ukweli: Isaiah alikaribia kukubali. Unajua kwa nini. Kwa machapisho yote uliyoyaandika, jina lako lilikuwa linakuja nyuma ya wakubwa, kama mizigo. Alitaka binti yenu Apondi aone jina la mama yake mahali pa mbele, hata kama ni mlango.

Mama Naomi ndiye alimjibu. "Mlango huo uko wapi?"

"Hapa mjini, Mama. Orofa ya pili."

"Mimi na magoti yangu sifiki orofa ya pili. Njoo Ziwa siku ya soko. Simama pale kwa maziwa, useme, 'Mercy hakuuza damu yenu, sisi ndio tuliiharibu.' Ukimaliza, bandika jina hata kwa choo."

"Mama, hiyo itatuletea shida kubwa sana. Wafadhili wataondoka."

Isaiah akainuka. Akamrudishia unga wake, akamrudishia sukari, akamfungulia mlango. "Hata mimi ni mtu wa kupenda utani, Mkurugenzi," akamwambia, "lakini huu wako umenishinda kucheka."

Siku ya soko tulienda. Tulimngoja. Hakuja, hata simu hakushika. Mama Naomi akasimama pale kituoni akaanza kueleza, na watu wakaangalia chini, kwa sababu mama atasema nini kingine juu ya mtoto wake? Isaiah akaongeza, nao wakamwangalia kama bwana anayetetea nyumba yake. Tuliona inatuponyoka.

Halafu Nekoye akashuka kwa bodaboda. Hatukuwa tumemwita. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi, na alijua kwamba akirudi mjini koti hilo atalivua.

"Mimi ndiye nilichomoa friza," akasema. "Mkubwa aliniambia wageni wanataka chai, na mimi nikakubali. Damu yenu iliharibika mbele yetu tukiimba."

Kukawa kelele. Mmoja akasema, "Kwa hivyo mlikunywa chai na damu yetu?" Mwingine akataka apelekwe polisi. Nekoye hakusogea. Mzee mmoja, ambaye ulimtoa damu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akasukuma watu akaja karibu.

"Msichana, nijibu moja. Huyo mtoto wetu aliuza?"

"Hata tone, Mzee. Hakuuza hata tone."

Yule jirani wa chumvi alikuwa kwa foleni. Alishika ndoo ya Mama Naomi, bila kusema pole, akambebea mpaka kwa mizani.

Nekoye hatujamsamehe. Analijua hilo, ndio maana hakuomba. Lakini siku hizi hana kazi, na Jumapili anakula kwetu, na hakuna mtu wa nyumba hii atamwambia asije. Wewe mkurugenzi, unayesoma hii ukitafuta jina lako, bado Ziwa iko, na siku ya soko bado iko. Shaba yako tumeikataa. Mama Naomi bado anaumwa magoti, na jibu lake hakuna mtu anaweza kumpa tena. Hiyo hasira hatujui tuipeleke wapi, kwa hivyo tumeileta hapa.

Unakumbukwa na bwana yako Isaiah Okumu, binti yako Apondi, mama yako Naomi, ndugu na mashemeji wa pande zote mbili, na watu wa Ziwa, ambao sasa wanajua.

Kukusahau, Jepchirchir, hata tukijaribu hatutaweza.