Moto Mmoja Ndio Wako, Mjomba

Mwakeye, mjomba.

Nimekuja na habari.

Mkutano wa kijiji uliokuhukumu unaukumbuka. Mioto ilikuwa miwili: wa mlimani, ulioanza ulipoangusha mwenge ukirina asali, na ule wa Alhamisi iliyofuata, ulioteketeza miti ya misindano ya shule. Ulisimama ukasema, "Wa mlimani ni wangu. Wa shule siujui." Mtu akakujibu, "Kumbe moto nao una ukoo?" Watu wakacheka, wakakunyang'anya mizinga yote saba.

Nami, karani wa kijiji, nikaandika: "Filbert amekiri yote miwili." Alhamisi ile tulikuwa wote Kasulu, nimekupeleka kwa bodaboda ukatibiwe macho. Nilijua. Niliogopa wangesema namtetea mjomba wangu, na kazi ndio kwanza nimeipata. Ukaniambia, "Andika, mwanangu. Kalamu yako inatetemeka kuliko mimi."

Miezi miwili baadaye tulikuzika. Hukunilaumu hata siku moja. Mjomba, hata siku moja.

Jumamosi mkutano uliitishwa tena. Watu wakikusanyika, mama mmoja alilalamika kwamba muhogo wake umeungua wiki iliyopita. Kijana akadakia, "Huyo ni Filbert tu." Wakaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Walikumbuka uko kaburini.

Nikasimama kusoma muhtasari wa mkutano uliopita ili uthibitishwe. Nilipofika kwenye jina lako nikasema, "Hapa niliandika uongo." Nikawaeleza safari yetu, nikawaonyesha kadi yako ya kliniki yenye tarehe ile. Mwenyekiti akauliza, "Karani, unajua unaweza kufukuzwa?" Nikasema najua. Sauti haikuvunjika, mjomba.

Mikono ikanyooshwa, muhtasari ukarekebishwa. Mizinga imerudi kwa mkeo. Kazi yangu itajadiliwa wiki ijayo. Wakiniondoa, nitaondoka nikiwa nimeandika kweli.

Moto wa mlimani sikuufuta. Ule ni wako.

Lala salama, mjomba. Msimu ukifika nitarina mimi, kwa bomba la kufukizia nyuki moshi, si kwa mwenge. Asali ya kwanza nitampelekea Mzee Zakayo, ambaye maharage yake uliyaunguza kweli kule mlimani.

Mpwa wako,
Editha