Ubeti wa Chacha

Ijumaa, 1 Agosti

Mazoezi tena kwenye saluni ninakosukia watu hapa Suna. Mteja wa mwisho alitoka saa kumi na moja. Odhis akaweka kompyuta juu ya kiti cha draya, akaanza kulalamika kuhusu spika. Kazi yake ni kutengeneza simu, na biti zetu zote ni zake. Chacha alikuja moja kwa moja kutoka karakana ya mbao, nywele zimejaa unga wa msumeno.

Kundi zima ni sisi watatu. Vumbi la Suna. Mimi narap kwa Kiswahili, Odhis kwa Dholuo, Chacha kwa Kikuria. Kila mtu anatushauri tuchague lugha moja ndio tufike mbali. Wafike wao kwanza.

Wimbo mpya umekaa sawa. Ubeti wa Chacha ni mzuri kuliko wangu. Inaniuma kuandika hivyo.

Jumapili, 3 Agosti

Rodi Kopany. Aibu.

Tulipewa nafasi katikati ya onyesho la bendi ya ohangla, ile ngoma ya Waluo, mchana, sokoni. Mambo yakaenda vizuri mpaka ubeti wa Chacha. Mzee mmoja akasimama, akamlipa mshereheshaji, akainua mkono muziki usimame ili ajisifu. Pakruok. Huku kila mtu anajua: ukilipa, ngoma inanyamaza, unapewa kipaza sauti, unajitaja wewe na baba yako na ng'ombe wenu mpaka utosheke. Odhis alizima biti papo hapo.

Chacha hakujua. Kwao hakuna mambo hayo. Alidhani mitambo imekufa, akaendelea kurap bila biti, kwa nguvu zaidi, uso kwa uso na mzee aliyekuwa anataja jina la baba yake. Watu wakapiga kelele. Mzee akashuka na hasira.

Kosa ni letu. Mwaka mzima tunaimba naye na hakuna aliyemwambia. Njiani kurudi Odhis alimweleza pakruok kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Chacha aliuliza maswali mengi sana. Nani anaruhusiwa? Mtu yeyote? Hata mgeni? Odhis akasema hata mgeni, mradi amelipa.

Jumatano, 6 Agosti

Promota wa tamasha la ufukweni Homa Bay amepiga simu! Anatutaka tarehe kumi na saba. Jukwaa kubwa, mitambo ya maana, watu kutoka visiwani. Miaka mitatu tunamfuata huyu mtu.

Halafu akaleta sharti lake. Alisikia habari ya Rodi. "Huyo Mkuria apumzike hiyo siku. Watu wangu wanataka kitu yao."

Nilimwambia nitampigia. Nimekasirika mpaka nimemvuta mteja nywele, maskini, akalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekubali.

Naandika hapa ili siku moja nisije nikasema nilikataa. Odhis alisema ni siku moja tu, tukishajulikana tutamrudisha. Ningeweza kubishana naye. Sikubishana. Nilimpigia Promota na nikasema sawa, haraka, kama mtu anayeogopa bei itapanda.

Sijipendi leo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Chacha. Nimesema tumegombana na Promota mpaka tukachoka, amekataa kabisa, hatukuwa na la kufanya. Uongo mtupu. Odhis alikuwa anaangalia waya zake.

Chacha alisema sawa. Akaaga, akaenda. Heri angenitukana.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi ya watu wawili. Pale penye ubeti wake Odhis ameweka filimbi. Inasikika kama tangazo la sabuni. Nimemwambia aitoe, akauliza sasa tuweke nini. Filimbi ikabaki.

Mama ameuliza kwa nini mwenzetu haonekani siku hizi. Nilisema ana kazi nyingi. Naona uongo umeanza kunizoea.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri, Homa Bay. Ufuko umejaa. Wachuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Mfangano wamekaa mbele kabisa, juu ya ndoo zao, na hakuna mlinzi aliyethubutu kuwahamisha. Promota kando ya jukwaa, miwani ya jua, anatabasamu.

Ubeti wangu ulipita. Wa Odhis ukapita. Muziki ulisimamishwa mara mbili, watu wakajisifu, tukaendelea. Filimbi ikaanza.

Mtu akainua mkono kutoka katikati ya umati. Koti kubwa la harusi, sijui la mjomba gani, mikono inafunika vidole. Akamlipa mshereheshaji mbele ya watu wote. Odhis akazima biti kabla hajaangalia ni nani.

Chacha.

Promota alikuja mbio, akamwambia mshereheshaji amnyang'anye kipaza sauti. Mshereheshaji akamwonyesha pesa. Umati ukaanza kuguna. Watu wawili walikuwa wameshajisifu mbele yao, huyu angezuiwa kwa sababu gani?

"An Chacha, wuod Marwa," akaanza, kwa Dholuo mbovu ajabu. Mimi Chacha, mwana wa Marwa. Watu wakacheka. Akasubiri wamalize. Halafu akaingia kwenye ubeti wake, kwa Kikuria, wote, bila kupunguza neno. Baba yake, babu yake, ng'ombe wao, msumeno wake. Sasa ndio naelewa kwamba ubeti ule ulikuwa pakruok tangu siku ya kwanza. Kumbe kwao pia wanaume hujisifu hivyo, ila hawalipii.

Alikuwa bila biti. Nikamwangalia Odhis. Promota alikuwa anamnyooshea kidole asiguse kitu. Odhis akagusa. Biti yetu ya zamani, ile yenyewe, ikaingia chini ya Chacha, nami nikaimba kiitikio kwa sauti yote niliyonayo, nikimtazama Promota usoni.

Alipomaliza, nikasubiri kuzomewa. Niliogopa. Kisha mama mmoja wa Mfangano akasimama, akafungua leso aliyofungia pesa, akalipa, akainua mkono. Akapewa kipaza sauti. Hakujisifu. Alisema, "Sijaelewa hata neno moja. Arudie."

Alirudia. Mara ya tatu alilipiwa na watu wengine. Filimbi haikusikika tena.

Promota ametuambia tusikanyage tena kwenye jukwaa lake. Nilimwambia nimesikia. Mdomo wangu huu, sijui kama nitaujutia. Leo hapana.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Wateja wawili tu.

Hakuna aliyetupigia simu wiki hii. Odhis anasema Promota anatuharibia jina kila mahali. Labda. Biti zipo, mdomo upo.

Chacha alikuja mapema, kabla ya Odhis. Nilikuwa nafagia. Nikamwambia: nilikudanganya, hatukugombana na mtu, nilikubali kwa simu moja. Nikasema pole. Sikuongeza sababu.

Akasema alijua. Promota alimpigia jioni ileile niliyokubali, kabla mimi sijamwambia, kumshukuru kwa kuwa mwelewa. Alimwambia yule dada amekubali bila shida.

Kwa hiyo aliponiambia sawa, alikuwa anajua. Na alikuja Homa Bay akijua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alitaka kuona kama nitasema mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini basi alikuja. Akanitazama kama swali la mtoto. "Si wimbo ni wangu pia?"

Akanipokonya ufagio, akamalizia kufagia nywele zilizobaki chini ya kiti, akazitia kwenye ndoo. Odhis akafika ameloa. Tukavuta viti vitatu.