Ndoo ya Bluu

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua duka mapema. Nimetoa ndoo, mabeseni, majagi, nikayapanga barazani kama kawaida, makubwa chini, madogo juu. Mgongo umelalamika. Nimeuambia unyamaze, sisi wawili hatuna ujana tena.

Binti yangu Rehema alipiga simu jana jioni. Ile kampuni ya supamaketi anayofanyia kazi Dar inataka tawi huku kwetu. Mji mmoja tu. Kilosa au Mikumi. Ikiwa Kilosa, ataomba uhamisho, na wameshamwambia hawana kipingamizi.

Mjukuu wangu Tumaini ana miaka mitatu na ananiita Bibi wa Simu. Akionyeshwa picha yangu anaiweka sikioni.

Nataka tawi lije Kilosa. Basi. Sina sababu nyingine na siitafuti.

Jumatano, 4 Juni

Nimemweleza Semindu, jirani yangu anayeuza mchele. Kosa langu. Kabla ya saa nne soko zima linajua.

"Mama Rehema," akasema, "unamkaribisha chui zizini, na mbuzi wa kwanza ni wewe. Wale wanauza ndoo."

Najua wanauza ndoo. Nimemjibu mchele pia wanauza, tena hauna mawe. Akacheka, lakini si sana.

Nimempigia Rehema kumuuliza wanachaguaje. Anasema hawaendi kwa sifa. Wanaangalia miguu mingapi inapita, mikono mingapi imebeba mfuko, maduka mangapi yako wazi na yana watu. Barabara inayobeba lori. Umeme. Kama mto unaingia mjini wakati wa masika. Hapo kwenye mto nikakohoa.

Mikumi wana barabara kuu na mabasi yanayosimama ili watu wale chakula. Wana mbuga. Lakini mtu wa basi ananunua soda, anakwenda haja, anaondoka. Sisi tuna ofisi za wilaya, hospitali, wakulima wa Mvumi wanaoshuka na magunia. Watu wetu wanakaa. Nimeyasema haya peke yangu dukani, kwa sauti. Mteja akadhani namwambia yeye.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya iliyoisha vizuri.

Saa tatu wageni wawili wamekaa kwenye mgahawa mkabala na duka langu. Msichana na mvulana. Chai moja moja, haziishi. Mvulana ana kishkwambi. Msichana ana kidude kiganjani anakibonyeza. Wanatazama kila mlango. Hawanunui kitu.

Watu wa mapato. Nani mwingine?

Sisi tuna utaratibu wetu. Anayewaona kwanza anaifudikiza ndoo mlangoni, mdomo chini. Wa pili akiiona naye anafudikiza chombo chake, na wa tatu, mpaka mwisho wa safu. Hakuna anayepiga kelele. Mashine za risiti tunazo, ila zina homa za mara kwa mara.

Nikaifudikiza ndoo ya bluu. Milango ya chuma ikashuka mmoja baada ya mwingine kama watu wanaosinzia kanisani. Wateja nao wanaijua ndoo, wakarudi makwao. Kufika adhuhuri mtaa umekuwa kama wa msibani. Wale wawili wakaendelea kukaa hadi jioni wakitazama vumbi.

Semindu amenipa mkono. Nimejiona jemadari.

Jumatatu, 9 Juni

Afisa biashara ametuita. Wageni wa kampuni watakuja rasmi Alhamisi. Tufagie, tupange, tupendeze. Nimechaguliwa kuwakaribisha, kwa sababu nina sauti na nina mwili wa kuonekana kutoka mbali. Nimekubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Rehema ameanza kuulizia shule ya chekechea. Nimemwambia asiharakishe. Kisha nimeenda mwenyewe kuiangalia.

Alhamisi, 12 Juni

Wamekuja. Bosi mmoja mwenye miwani. Nyuma yake mvulana wa kishkwambi. Nyuma yake msichana wa kidude.

"Shikamoo mama."

Marahaba yangu ilitoka nusu.

Soko limejaa leo. Maduka yote wazi, mchicha unang'aa, bodaboda wamevaa mashati. Bosi anatikisa kichwa kwa heshima, ile ya mtu anayeonyeshwa nyumba ambayo hanunui. Msichana akasimama mbele ya duka langu, akaitazama ndoo ya bluu, akanitazama mimi.

"Leo umefungua, mama."

Nikasema ndiyo, leo nimefungua. Nilinong'ona. Mimi, niliyechaguliwa kwa sababu ya sauti.

Hawakuwa watu wa mapato. Walikuwa wanahesabu miguu. Na mimi niliiondoa yote barabarani.

Naona aibu. Pia naogopa. Kati ya mawili, hofu ndiyo kubwa.

Ijumaa, 13 Juni

Sikuuza vizuri. Nimempa mteja beseni badala ya ndoo, naye kwa adabu akalichukua. Sijamwambia Rehema. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewafuata wale wageni gesti kabla hawajaondoka kwenda Mikumi. Msichana anaitwa Doreen. Nikamwambia yote: ndoo, safu, milango. Nikamwambia nani aliifudikiza ya kwanza.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Hesabu ya Ijumaa alishaituma. Ya Alhamisi haihesabiki, kwa sababu tulijua wanakuja. Ataandika maelezo, ila wanaoamua ni wakubwa wa Dar, na wakubwa husoma namba.

Nikamuuliza, na Mikumi je, wao hawatafunga?

"Mama, Mikumi tulishapita kuhesabu wiki iliyotangulia. Hata hawakutuona. Kule kila mtu ni mgeni."

Nimerudi kwa miguu. Bodaboda wawili wamesimama wanibebe, sikupanda.

Jumatatu, 30 Juni

Mikumi.

Rehema alipiga mchana, sauti nyembamba. Ikabidi nimwambie. Nilikaa juu ya ndoo, nikasema yote bila kujitetea.

"Mama," akasema, "mimi ningeifudikiza pia."

Ni kweli. Alikuwa mdogo wa darasa la kwanza na tayari akiijua kazi hiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Anasema ataomba Mikumi hiyo hiyo. Si Kilosa, lakini si Dar. Baada ya simu nimelia kidogo nyuma ya mabeseni. Semindu amenisikia. Hakutania. Ameleta kilo mbili za mchele, akaziweka mlangoni, akaondoka. Una mawe, lakini nimeupika.

Jumapili, 21 Septemba

Mikumi, kwa basi la asubuhi. Tawi limefunguliwa. Sakafu inateleza kama sabuni. Rehema amevaa sare yenye jina lake kifuani, nimelisoma mara tatu kana kwamba silijui.

Ndoo zao zina rangi nzuri kuliko zangu. Inaniuma kuandika hivyo. Nimenunua moja.

Tumaini alijificha nyuma ya mama yake, akanichungulia kwa muda. Akaniuliza simu iko wapi. Nikamwambia leo nimekuja bila simu. Akafikiri. Kisha akanishika sikio, akalivuta kuona kama limeshikamana vizuri.

Atakuja kulala kwangu wakati wa likizo. Ameahidi mwenyewe, na masharti: ugali asile.

Jumatano, 24 Septemba

Mgeni amekaa mgahawani mkabala. Mwanamume, peke yake, mkoba, kalamu, macho kwenye milango.

Mkono ulikwenda kwenye ndoo wenyewe. Safu nzima wananitazama. Semindu ameshashika debe lake. Nikaurudisha mkono. Nikamtolea mgeni kiti kizuri na kumkaribisha dukani, aone biashara ilivyo.

Alikuwa mtu wa mapato kweli. Ametupitia wote, duka kwa duka, bila haraka.

Semindu hakunisemesha mchana kutwa. Jioni wakati wa kufunga amekuja, akasimama, akaitazama ndoo ya bluu pale mlangoni. Nilikuwa nimeijaza maji hadi juu, isifudikizwe tena. Akaingiza kikombe chake, akanywa, akasema usiku mwema Mama Rehema.

Nimeiacha hapo hapo nje, imejaa.