Fungua Mdomo, Mama

Shoga, upo? Nimetoka kliniki sasa hivi.

Unajua tangu waliponipasua wakalikata tumbo la chakula ili nipungue, likabaki dogo kama yai, mwili ulikuwa unapungua wenyewe. Sasa mzani umegoma. Miezi hii yote kilo ni zilezile, na leo nimepanda tena, zilezile.

Binti yangu akanitazama. Akasema mbele ya nesi, "Mama, hebu fungua mdomo."

Nikadhani utani.

"Fungua ninuse. Wewe unakula kwa kificho."

Nikafungua, shoga. Mwanangu akaninusa mdomo, kama nilivyokuwa nikimnusa yeye akidokoa sukari. Kaninusa, mimi niliyemzaa. Nesi akajitia kupanga sindano.

Daktari akaingia, akasema si kosa la mtu. Mwili ukishalizoea tumbo jipya, kupungua kunakwenda polepole, kisha kunasimama. Huenda hapa ndipo mwisho wangu wa kupungua. Na mimi magoti bado yananiuma vilevile.

Binti akasema, "Samahani, daktari."

Umesikia? Aliyeombwa radhi ni daktari.

Garini akaniuliza, "Mama, mbona umenuna?"

Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega," akasema huku anacheka.

"Nilimfungua mdomo nimlishe, leo kanifungua wangu anipekue."

Akafikiri mpaka tukafika getini. "Kimenishinda, Mama. Chukua mji."

Mji nimeuchukua, shoga, lakini jibu sikumpa. Jibu lilikuwa limeshika usukani.