Maziwa Yakipanda

Ciru wangu,

Njoki amenipuliza titi sasa hivi. Tumekaa kwenye benchi la hospitali hapa Thika. Ameniona nikijishika pale penye uvimbe, akainama, akapuliza juu ya blauzi, puu, kisha akarudia andazi lake. Ndivyo hufanya maziwa yakipanda jikoni. Ni wewe ulimfundisha.

Tangu tukuzike Gatuanyaga sina dada wa kuongea naye. Chumba chako Kahawa Sukari kimeingia msichana mwingine, ameweka pazia jekundu. Baba Njoki akitoka shifti analala kama gunia. Mama hataki utajwe, analia. Basi nikawaonyesha uvimbe akina mama majirani wa ploti yetu kule Kimbo, wakasema ni maziwa yameganda kwa sababu nilimwachisha Njoki ziwa ghafla. Wakanikanda kwa kitambaa cha moto. Nikawaacha wakande. Ilikuwa raha kushikwa na mtu.

Lakini uvimbe haukuisha. Nikakumbuka ile asubuhi ulikuja na vitabu vyako vya chuo, ukanielezea seli ukiwa umesimama kando ya jiko. Ukasema seli ikijiandaa kugawanyika, kuna protini zinaongezeka ndani yake polepole, kama maziwa yanavyopanda. Zikifika kiwango chake seli inaanza kugawanyika, halafu lazima zivunjwe, zishuke, ndio kazi iishe na seli itulie. Nikauliza, na zisiposhuka? "Basi, Mama Njoki, utapanguza jiko siku nzima." Tukacheka mpaka maziwa yakamwagika kweli.

Na tumboni mwako, Ciru, seli zilikuwa tayari zimekataa kutulia. Ulikuwa unajua? Hukusema.

Juzi daktari alinitoa kipande kwa sindano. Leo ni majibu. Alisema uvimbe mwingi wa hivi huwa si mbaya, nami nimelishika hilo neno kwa mikono miwili. Hakuna anayejua niko hapa ila wewe.

Foleni imesogea, wacha nikuage. Pumzika, dada. Majibu yawe yoyote, mimi sitanyamaza nayo. Nikitoka hapa naenda moja kwa moja kwa Mama, nimwambie kwa mdomo wangu, tulie pamoja ikibidi, na jina lako tulitaje. Na Njoki akikua nitamweleza ni nani alimfundisha kupuliza, na kwamba huyo mtu alikuwa na kicheko cha

Ngoja, nesi ameita Mama Njoki, ndio mimi, naku