Ndoano Inayobisha Hodi Mara Moja

Jumatatu, 21 Januari

Leo nimeiokoa ramani ya barafu ya kijiji kizima. Mimi, Oene, peke yangu, bila hata kuvua kofia!

Haya, uongo. Kazi yote kaifanya Jikke, binti wa jirani, anayejua kompyuta. Mimi nilishika kikombe na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Mambo yako hivi. Programu ya ramani yetu inakaa mtandaoni, kwenye ghala la watu wa kompyuta. Nikipima unene wa barafu mferejini, naandika humo kwa simu. Ghala linatuma barua pepe kwa kompyuta ya klabu yetu ya kuteleza kwenye barafu, nayo inachora ramani upya: kijani, telezeni, nyekundu, rudini kwa mama zenu. Sasa wenye ghala wanasema mtindo huo wa barua umezeeka, mwisho wa mwezi wanaufuta. Umezeeka! Una miaka saba. Mimi nina sabini na nane na bado sijafutwa.

Badala yake inawekwa ndoano ya mtandao. Kitu kikibadilika, ghala lenyewe linakuja kubisha hodi kwenye kompyuta yetu. Na ikikuta mlango umefungwa? nikauliza. Jikke akasema inabisha mara moja tu, Babu, kisha inakwenda zake. Barua ilikuwa inangoja sandukuni. Hii haingoji mtu.

Kama marehemu mke wangu, nikamwambia. Akanichapa na taulo la vyombo.

Jumanne, 22 Januari

Baridi ya kung'oa masikio. Safi kabisa!

Jikke kauondoa mtindo wa barua mapema, hakungoja mwisho wa mwezi. Tukajaribu ndoano: nikaandika barafu ya mita tatu mbele ya nyumba ya Tsjibbe, mwenyekiti wetu. Hodi — kompyuta ikaitika, ramani ikageuka kabla sijameza kahawa. Tsjibbe akapiga simu kuuliza nani kamchezea. Jikke akafuta upesi. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

Jumatano, 23 Januari

Kote kijani, hata chini ya daraja la kanisa. Kesho klabu inafunguliwa. Nimenoa vyuma vya viatu vyangu vya barafu. Daktari alinikataza. Daktari ni mtu wa mjini, anajua nini!

Alhamisi, 24 Januari

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti juu ya mfereji, penseli ndani ya glavu. Ndiyo maana herufi zimelewa.

Asubuhi nilipima tena. Kijani, kijani. Chini ya daraja — vidole viwili tu! Usiku walifungulia pampu ya maji, mkondo umeila barafu kwa chini. Nikaandika nyekundu, nikatuma, nikavaa viatu, nikateleza kwa raha zangu upande ulio salama. Kisha nikachungulia simu. Daraja bado kijani! Ramani ya jana.

Nikampigia Jikke. Akakimbilia klabuni, akanipigia huku akihema. Tsjibbe kachomeka sufuria la umeme la supu ya njegere pamoja na kompyuta, fyuzi imekatika. Ndoano ilibisha hodi gizani, ikaenda zake. Nyuma yake nikamsikia Tsjibbe akilalamika kwamba supu lazima iwe moto, watoto wa shule wako njiani.

Njia gani? nikauliza.

Ya mferejini, ipi tena! Jikke akajibu.

Nikakamata kiti kimoja kinachosukumwa na wale wanaojifunza kuteleza, nikakiweka mbele ya daraja, nikakaa. Mara hao, kundi zima, mwalimu yuko mbali nyuma anapepesuka kama ndama.

— Babu Oene, toka njiani! Ramani inasema kijani.

— Ramani imelala. Mimi nasema nyekundu.

— Wewe ulisema kuna papa humu!

Kweli nilisema. Wiki iliyopita, tena kwa kiapo. Hidde, lile lijana refu, akaanza kunizunguka. Nikatoa daftari hili. Nikawaambia naandika jina la kila atakayenipita, nalipeleka kwa polisi wa mifereji.

Hakuna polisi wa mifereji. Lakini penseli ikitembea, wanasimama. Ikisimama, wanasogea. Kwa hiyo natembeza. Hidde. Hidde. Bata watatu. Njegere. Mwalimu kaanguka tena. Hidde anauliza naandika nini kirefu hivyo. Maisha yako, nimemjibu.

Jikke huyo ukingoni, simu mkononi. Anapiga kelele kwamba kompyuta imeamka, ameliomba ghala lije kubisha tena. Vichwa vyote vimeinamia simu. Bado kijani. Bado.

Anashuka kwangu. Miguu imekufa ganzi, viatu vinabana, mgongo haukunjiki. Jikke mwanangu, namwambia, kamba za viatu vyako nilizifunga mimi kila baridi tangu hujui kusimama. Hebu piga magoti unifungulie zangu — mimi siwezi kuacha kuandi— Nyekundu! anapiga kelele Hidde, simu juu.